Mtu Mzima Apotewapo na Kusikia: Somo juu ya Lugha ya Alama

Soma kwanza: Luka 1, mistari 5–22 na 57–64.

Katika somo la mwezi huu nataka kuwaeleza jambo ambalo nalilificha kwa muda wa miaka mitatu, yaani ya kwamba masikio yangu yanakufa. Siandiki ili nihurumiwe. Naandika kwa sababu najua ya kuwa katika kila usharika wamo watu wazima wenye hali kama yangu, nao wanaificha kama nalivyoificha mimi. Tena wamo vijana viziwi wakaao benchi la nyuma, ambao hatukuwauliza neno lo lote tangu siku walipobatizwa. Watu hawa wa namna mbili yafaa wakutane.

Shauri langu ni moja. Mtu mzima aonapo kwamba kusikia kwake kunapungua, asingoje mpaka sauti ya mwisho imekwisha. Na aanze kujifunza lugha ya alama angali akisikia kidogo. Wala asijifunze peke yake, bali pamoja na watu wa nyumbani mwake. Na mwalimu wake awe kiziwi.

1. Ubaya wa kujifanya kusikia

Asubuhi moja ya masika bibi mmoja wa hapa Ivuna alikuja mlangoni pangu. Alisema maneno machache kwa sauti ya chini, uso ameuinamisha, na upindo wa kanga ameushika kinywani. Mimi sikusikia neno hata moja. Lakini nalikwisha kuzoea desturi ya watu wa namna yangu, ndiyo kutikisa kichwa na kutabasamu. Basi nalitikisa kichwa, nikatabasamu, nikasema: “Vema, Bibi, tumshukuru Mungu.” Akanitazama kwa kitambo, akaondoka. Baadaye mke wangu aliniambia ya kuwa bibi yule alikuja kuleta habari ya msiba: mjukuu wake alikufa usiku.

Siku ile ile nalikwenda kwake kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa nguvu, nipate kusikia: “Mchungaji, kama ningalijua hukusikia, ningalisema tena.”

Maneno hayo yalinichoma kuliko kama angalinilaumu. Maana niliona kwamba uziwi wangu haukumwumiza bibi yule. Kilichomwumiza ni uwongo wangu. Mtu asemaye, “Sikusikia, tafadhali sema tena,” huaibika kidogo tu. Mtu ajifanyaye kusikia hujibu asichokijua, huahidi asichokusudia, na mwisho watu humwona kuwa mwenye kiburi au mpumbavu. Tena huanza kukimbia watu. Haendi barazani, haendi arusini, husema ana kazi nyingi. Hivyo hupotewa na masikio, kisha hupotewa na rafiki.

Liko jambo jingine ambalo ninyi mnaosikia hamlijui. Mtu aliyepotewa na kusikia ukubwani bado anasema vizuri. Kwa kuwa kinywa chake ni kizima, watu hudhani na masikio yake ni mazima. Kiziwi wa tangu utoto watu hukumbuka uziwi wake. Lakini huyu husahauliwa kila saa, hata na mkewe na watoto wake. Kwa hiyo sharti aseme hali yake waziwazi, tena mara nyingi.

2. Masikio hupotewaje na kusikia?

Kwanza na aende kwa mganga. Pengine sikio limeziba kwa nta tu, au limo na usaha, na mambo haya hutibika. Asitie sikioni mafuta ya moto, wala majani, wala kijiti.

Lakini uko uziwi mwingine ambao dawa hazirudishi kusikia, ndio ule wa ndani, palipo na vijinywele vidogo sana vinavyopokea sauti na kuipeleka kwenye mshipa uendao ubongoni. Vijinywele hivi vikifa havioti tena. Huuawa na uzee, na kelele kubwa za siku nyingi, kama za mashine ya kusaga, na ugonjwa wa uti wa mgongo, yaani ule uvimbe wa ngozi za ubongo, na surua, na dawa nyingine kali zilizo za lazima, kama sindano za streptomycin walizochomwa wagonjwa wengi wa kifua kikuu zamani. Shirika la Afya Duniani katika taarifa yake ya mwaka 2021 lilisema ya kuwa watu zaidi ya milioni 430 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada. Basi asidhani mtu kwamba amerogwa, wala kwamba yuko peke yake.

Mimi nalisafiri mpaka Mbeya kupimwa. Sababu ya uziwi wangu haikujulikana kwa hakika, ila niliambiwa ya kuwa utazidi. Vifaa vya kusikilizia viko, na awezaye kuvipata asivikatae. Lakini huongeza sauti tu, wala si kila mara kwamba huongeza maana. Tena hutaka betri na mtu wa kuvitengeneza, navyo ni vigumu kupatikana mbali na miji.

3. Kutazama midomo hakutoshi

Watu wengi huniambia: “Tazama midomo yetu, utafahamu.” Jaribuni wenyewe. Simama mbele ya kioo, useme bila sauti: baba, mama, papa. Midomo hufanya kazi moja kwa maneno yote matatu. Tena sauti kama k na g hufanyika nyuma kinywani, zisionekane. Kwa hiyo mtu atazamaye midomo huona sehemu tu ya maneno, na iliyobaki huikisia. Mtu akiwa na ndevu nyingi, au akitafuna, au akigeuka, hata kukisia hakuwezekani. Kazi hii huchosha mno. Jioni baada ya kikao cha wazee kichwa huuma kama cha mtu aliyeshinda juani.

Sasa fungueni Luka. Zakaria alikuwa kuhani, tena mzee, alipopotewa na kusema. Alipotoka hekaluni watu walimwona akiwaashiria tu. Na siku ya kumpa mtoto jina, jamaa walimwashiria yeye, wapate kujua atakalo. Naye akaomba kibao, akaandika. Angalieni, jamaa walimwashiria. Wengi hufahamu kwa neno hilo kwamba na masikio yake yalikuwa yamefungwa. Mzee huyu hakujifungia nyumbani mpaka afunguliwe. Alitumia mikono, alitumia kibao, na jamaa zake walijitahidi kumfikia kwa njia ile aliyoweza. Hapo pana mfano kwa mgonjwa, na mfano kwa nyumba yake.

4. Lugha ya alama ni lugha kweli

Wengine hudhani ya kuwa alama ni mchezo wa mikono, kama vile kumwita mtu aliye mbali. Sivyo. Lugha ya alama ina maneno yake na kanuni zake. Kila alama hujulikana kwa umbo la mkono, na mahali unapowekwa, na mwendo wake, na upande wa kiganja, na hali ya uso. Ukibadili kimoja, neno limebadilika, kama vile Kiswahili kinavyobadili “kupata” kuwa “kupaka” kwa herufi moja. Wala si Kiswahili kilichotiwa mikononi. Mpango wa maneno ni mwingine. Mara nyingi wakati hutajwa kwanza, kisha mahali, kisha jambo lenyewe.

Tena si lugha moja kwa dunia nzima. Wakenya wana yao, Waganda wana yao, na sisi tuna Lugha ya Alama ya Tanzania. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliagiza lugha ya alama ya viziwi iendelezwe, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliiweka Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha za Bunge. Kwetu shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na Wakatoliki. Shule ya Buguruni, Dar es Salaam, ilifuata mwaka 1974, na mwaka 1981 Kanisa la Kilutheri lilifungua shule ya viziwi Mwanga, Kilimanjaro. Katika miaka ya 1980 viziwi wenyewe walianzisha Chama cha Viziwi Tanzania, kiitwacho CHAVITA. Kamusi pia iko. Mojawapo ilitungwa na Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikatolewa mwaka 2004.

Lugha hizi zimedharauliwa sana. Mwaka 1880 waalimu wa viziwi walikutana Milano, Italia, nao karibu wote walikuwa watu wanaosikia. Wakakata shauri kwamba viziwi wafundishwe kusema kwa kinywa, na alama ziachwe. Kwa sababu hiyo katika shule nyingi watoto walikatazwa kutumia mikono yao. Shauri lile lilikataliwa kwa majuto katika mkutano wa waalimu kama wale uliofanyika Vancouver, Kanada, mwaka 2010, baada ya miaka 130.

Lakini wako waliofanya vema. Katika karne ya 18 padre mmoja wa Paris, Charles-Michel de l’Épée, aliwakuta ndugu wawili wa kike viziwi. Yeye aliona imempasa ajifunze alama za viziwi kwanza, ndipo awafundishe, akafungua shule. Na Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1925, alikuwa anasikia mpaka alipopata ugonjwa wa uti wa mgongo akiwa na miaka 11. Alikuja Ghana mwaka 1957, na mpaka alipokufa katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987, alikuwa amefungua shule za viziwi zaidi ya 30 katika Afrika.

5. Mwalimu wangu

Baada ya mambo ya bibi yule niliwaeleza wazee wa usharika hali yangu. Mmoja akasema: “Mchungaji, mbona yuko kijana wa chumvi?” Alikuwa akimnena kijana mmoja achuuzaye chumvi kwa debe, aliyepata uziwi utotoni, akapelekwa shule ya viziwi mbali na kwetu, akarudi. Watu humwita “bubu”, ingawa ana jina la ubatizo. Miaka mingi alikaa nyuma kanisani, nami sikuwa na neno naye ila kumpa mkono mlangoni.

Nalikwenda barazani kwake pamoja na dada yake, ajuaye alama, awe mkalimani. Nalimwomba anifundishe. Alinitazama sana, kisha akauliza, kwa mikono ya dada yake kusema kwa kinywa: “Mke wako naye atakuja?” Nikasema, hapana, mimi tu. Akajibu: “Basi utasema na nani nyumbani?” Kesho yake nalikuja na mke wangu na watoto.

Wiki ya kwanza alitufundisha herufi za mkono, maana kila herufi ya alfabeti ina umbo lake la vidole, na kwa hizo waweza kuandika hewani jina la mtu au la mji. Vidole vya mtu mzima ni vigumu. Watoto wangu walijua kwa siku mbili, mimi kwa siku tisa. Kisha alitupa alama kumi kila siku, za mambo ya nyumbani: maji, moto, chakula, fedha, njoo, ngoja, kesho, mgonjwa, msiba, sikufahamu. Hii ya mwisho alinirudisha kwayo kila siku.

Jambo lililonishinda kwa muda mrefu si mikono, ila uso. Sisi wazee tumefundishwa kutuliza uso mbele ya watu. Lakini katika lugha ya alama nyusi na macho na mashavu ndiyo sauti ya maneno. Kwayo swali hujulikana kuwa swali, na kubwa kuwa kubwa. Mwalimu wangu alinishika mashavu kwa mikono miwili, akayavuta juu na chini, watoto wakacheka. Siku ile nalitaka kuacha. Mtu wa miaka arobaini na zaidi, aliyevaa joho mbele ya watu, kuvutwa uso na mchuuzi wa chumvi! Lakini nalikumbuka mlango wangu na yule bibi, nikarudi.

Viziwi wana desturi ya kumpa kila mtu alama iwe jina lake, wala mtu hajichagulii mwenyewe. Mwezi wa tatu kijana alinipa yangu: ngumi inayotikisika kama kichwa kiitikiacho. Nalipouliza maana yake, dada yake aliona haya, kisha akasema: “Ni kwa sababu unaitikia kila kitu, Mchungaji.” Hapo nalifahamu ya kuwa watu wote wenye masikio walidanganyika kwa kutikisa kichwa kwangu, isipokuwa yeye. Yeye hasikii, yeye hutazama. Miaka ile yote alijua ya kuwa ndani ya kanisa letu tuko wawili.

Ninyi mnaojua Ivuna mnajua jinsi chumvi inavyopatikana. Udongo wa chumvi huchujwa kwa maji, na maji yale hupikwa motoni mpaka yakauke, ndipo chumvi ibaki. Brian Fagan na John Yellen, waliochimba hapa katika miaka ya 1960 kutafuta mambo ya kale, waliona ya kwamba watu wamepika chumvi mahali hapa tangu karne ya 13. Kazi hiyo imepokewa kwa kutazama mikono ya mama na shangazi. Hakuna aliyeijua kwa kusikia maneno yake tu. Basi macho yetu na mikono yetu imekwisha kufundishika zamani, wala hatuanzi katika ujinga.

6. Yawapasayo nyumba na usharika

Sasa ni mwaka wa pili. Bado ni mwanafunzi. Viziwi wakisemezana wao kwa wao, mikono yao hunipita kama maji ya mto. Tena nisiwafiche: alama hazikunirudishia nyimbo. Nyimbo nazisoma kitabuni wengine wakiimba, na hili huniuma kila Jumapili. Lakini mezani kwangu nasemezana na watoto wangu, na baraza ya wazee nayafahamu mashauri, kwa kuwa dada yake yule kijana husimama mbele na kutafsiri. Kijana naye huyafahamu, na mwaka huu alitoa shauri lake mara ya kwanza.

Basi nawapa waalimu mambo haya machache:

(a) Usimpigie kelele kiziwi. Mguse bega, ungoje akutazame, ndipo useme, uso wako ukiwa mwangani, mkono usifunike kinywa.

(b) Katika vikao aseme mmoja mmoja, tena ainue mkono kwanza, ajulikane ni nani asemaye.

(c) Mkalimani asimame mbele, wala dirisha lisiwe nyuma yake, maana mwanga ukiwa nyuma mikono huwa giza. Usiku leteni taa. Bila taa viziwi hawana maneno.

(d) Andikeni namba za nyimbo na habari za usharika ubaoni.

(e) Mtafuteni kiziwi wa kwenu awe mwalimu, mkamlipe kama mnavyomlipa mwalimu mwingine. Asipokuwapo, ulizeni kwa CHAVITA au katika shule ya viziwi. Na penye mtandao, simu zenye picha humwezesha mtu kujifunza kwa mwalimu aliye mbali.

(f) Jina “bubu” liachwe. Mwiteni mtu kwa jina lake.

Wala asiseme mtu kwamba imani huja kwa masikio peke yake, na kwa hiyo viziwi hawana fungu. Martin Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1520 juu ya Agano Jipya, yaani Misa, alifundisha ya kuwa mabubu wanaotamani Chakula cha Bwana wasinyimwe. Na katika Marko sura ya 7 Bwana alimtenga kiziwi na makutano, akagusa masikio yake na ulimi wake, kabla ya kusema neno.

Hapa Ivuna watu wengi sasa wanajua alama nne au tano, nao huzitumia wakija mlangoni pangu. Bibi yule ni mmoja wao. Mwezi uliopita alikuja, akasimama mbele yangu penye mwanga, kanga ameitoa kinywani, akafanya alama ya mgonjwa, akaonyesha upande wa nyumba yake. Nalichukua kitabu changu, tukaenda pamoja.

Maswali ya kuulizana katika makundi

1. Jamaa za Zakaria walifanya nini ili kumfikia? Je, nyumbani kwetu nani angefanya hivyo?

2. Ni nani katika usharika wetu aliyeacha kuja barazani? Je, tumeuliza kama anasikia?

3. Kwa nini kiziwi wa tangu utoto afaa kuwa mwalimu wa mtu apotewaye na kusikia ukubwani?

4. Kila mmoja na aseme maneno haya kwa sauti, ayazoee kabla hajayahitaji: “Sikusikia. Tafadhali sema tena.”